Baba Kemi Alipochuchumaa Mbele ya Mwanawe

Jumamosi, mwisho wa Mei. Asubuhi ukungu ulifunika migomba mpaka nyumba ya jirani haikuonekana. Sasa ni alasiri, jua limetoka, nimekaa barazani na simu yangu, na mikono bado inanuka utomvu wa ndizi.

Leo nimepumua.

Kemi ni binti yangu wa kwanza, miaka kumi na nne, kidato cha kwanza. Nilimzaa nikiwa na kumi na saba, elimu yangu kidato cha pili tu, kwa hiyo wakati mwingine naona kama tunakua pamoja. Ni mtoto wa kucheka na wa kuimba. Lakini ukimtuma chumvi atarudi na ua. Ukimpa ndizi amenye, atamenya tatu, ya nne utaikuta chini na kisu pembeni, mwenyewe yuko juu ya mparachichi.

Daktari alituambia ni ADHD. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi, maana ulimi wangu ulikataa. Akasema si ukaidi na wala hajarogwa. Kichwa chake kinaona shida kushika jambo moja na kuyaacha mengine yapite.

Mimi niliamini siku ileile. Baba Kemi hakuamini. Alisema ugonjwa wa kusahau kazi hata yeye angeupenda.

Kisha ikaja ile siku ya kahawa. Mimi na baba yake tulikwenda msibani, nikamwachia Kemi kahawa iliyoanikwa juu ya turubai, nikamwambia achunge mawingu. Mvua ilinyesha. Kemi alikuwa kwa jirani anamwangalia mbuzi anayezaa. Tulirudi tukakuta kahawa imeloa, na baada ya siku chache ikaanza kuota ukungu.

Baba Kemi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Jioni alimpigia dada yake wa Murongo, mwenye mgahawa karibu na mpaka. Akasema Jumatatu inayoanza Juni atamletea Kemi. Shule basi. Aoshe vyombo kule, labda akili itatulia.

Hiyo Jumatatu ni keshokutwa.

Nililia chumbani peke yangu. Mimi niliacha masomo kwa ajili ya tumbo la mtoto huyuhuyu. Sasa yeye aache kwa ajili ya turubai la kahawa? Nikamwomba mume wangu jambo moja: kabla hujampeleka, njoo nasi Jumamosi moja tu kwa Dada Revina. Akajibu, "Nitakuja ili usinilaumu."

Dada Revina ni muuguzi. Jumamosi anatukusanya kwenye ukumbi wa usharika wa kanisa letu, familia sita, kila mzazi na kijana wake. Hatutenganishi. Anasema ukimfundisha mtoto peke yake, ukamrudisha kwa mzazi aliyebaki vilevile, umetwanga maji.

Hapa niseme ukweli wangu. Jumamosi ya tatu aliniambia nimpe Kemi kazi kama ninavyompa nyumbani. Nikamwita, akaja, akapiga magoti na kuinamisha macho kama tulivyomlea. Nikaanza kupanga: maji, kuni, majani ya mbuzi, mdogo wako aoge. Dada Revina akamuuliza Kemi amesikia nini. Kemi akasema, "Nimesikia maji." Na baada ya hapo? "Baada ya hapo nimeona sisimizi wawili wamebeba mguu wa panzi. Mmoja anavuta huku, mwingine huku. Nikataka kujua nani atashinda."

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Sisi huku mtoto wa kike hamkodolei macho mkubwa. Nami tangu akiwa mdogo, kila alipoinua uso nikizungumza, nilimwambia, "Unaniangalia nini? Tazama chini!" Akatii. Miaka yote hii niliyosema hanisikii, ni mimi niliyekuwa namwelekeza kwenye sisimizi.

Dada Revina hakunigombeza. Alisema heshima ibaki, salamu apige magoti kama kawaida. Ila ukimpa kazi, mwache akuangalie usoni. Jambo moja. Akirudi, mpe la pili. Tangu hapo tunajaribu. Kuna siku inaenda, kuna siku napayuka tena kutoka jikoni kama zamani.

Basi leo Baba Kemi akaja. Amevaa shati la kanisani na viatu vyake vyeusi, akakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuondoka. Dada Revina akamwamkia vizuri, kisha akasema leo wanabadilishana. Kijana akae kwenye kiti, baba achuchumae mbele yake, macho chini, apokee kazi.

Baba Kemi akatazama mlango. Mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake akasema, "Waitu, ndugu yangu, hata mimi nilichuchumaa wiki ile na magoti haya mabovu. Wewe kijana unaogopa nini?"

Baba Kemi akachuchumaa. Namjua mume wangu, shingo yake ilikuwa imekaza kama kamba ya mbuzi. Nikasema moyoni, nimemharibia mwanangu. Huyu akitoka hapa ameaibika, hatasubiri hata Jumatatu.

Kemi akajiweka sawa kwenye kiti. Akaanza, na Yesu wangu, ilikuwa sauti yangu! Yangu kabisa, hadi ule mkono wa kiunoni.

"Wewe, nenda kafunge lile dirisha, ukitoka hapo uniletee ufagio, usikanyage mkeka wa watu, halafu mpe yule bibi chaki, na daftari langu ulilete, la bluu siyo jekundu, na ukipita mlangoni utazame kama mvua inakuja. Haya, haraka!"

Baba Kemi akainuka. Akafunga dirisha. Akachukua ufagio. Akasimama katikati ya ukumbi na ufagio wake, akatazama huku, akatazama kule.

"Enhe," akasema, "na nini tena?"

"Umeshasahau?" Kemi akamjibu. "Hayo ni masikio au mashimo?"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Yule mzee alicheka hadi akakohoa. Mimi nilitamani nijifunike khanga kichwa kizima, kwa sababu maneno hayo ya mashimo ni ya kwangu, namwambia karibu kila siku. Sikujua yanasikika hivyo. Sikujua kabisa.

Kemi naye akashtuka, akaziba mdomo, akapiga magoti palepale. "Nisamehe Baba, ni mchezo."

Baba yake akaweka ufagio ukutani, akarudi kukaa. Tukafunga kwa sala.

Njiani alitangulia. Mimi na Kemi nyuma, tunapita kwenye migomba. Tulipofika kwenye kijito baba yake akasimama, akainua mguu mmoja.

"Unaona hii soli? Imeanza kuachia. Nilipoinama pale nikaiona. Huyu anasema dirisha, ufagio, mimi nawaza fundi viatu wa mnadani kama bado yupo." Akatikisa kichwa. "Mambo sita. Nimeshika mawili. Na mimi ni mzima."

Niliogopa hata kukohoa.

Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kinu kilicholazwa nje, akapiga simu Murongo. Nilikuwa namenya ndizi na masikio yote yako nje. Alimsalimia dada yake, wakaulizana hali za watoto, kisha akasema, "Yule mtoto haji. Ndiyo, nimebadilisha. Hapana, hajapona, nani kakwambia amepona? Sisi ndio tunafundishwa. Tafuta mtu mwingine wa vyombo."

Kisu kiliniponyoka.

Nikamwita Kemi, nikamwambia huendi Murongo. Alinikumbatia na ndizi zangu na maganda yangu, akanichafua mpaka shingoni. Halafu akajitenga kidogo, akauliza kwa huruma ya kweli, "Sasa shangazi vyombo vyake ataosha nani?" Kabla sijajibu alishakimbia kumfukuza kuku, na sweta lake pekee la shule tukagundua limebaki ukumbini.

Sijidanganyi. Atasahau tena. Baba yake atakasirika tena, na mimi nitatamka neno baya, kisha nitajuta. Hatukupewa mtoto mwingine pale ukumbini, tumerudi na huyuhuyu. Lakini siku kumi hizi nilikuwa nahesabu siku za kumpoteza, na leo hesabu yangu ni moja tu, nani atakayelifuata sweta kabla usharika haujafunga mlango.

Baba yake amesema atakwenda yeye.

Jumatatu Kemi anaenda shule. Mengine yatanikuta hapahapa, na yakinikuta nitayashika moja moja.