Dongodongo ku Rayo za Kinga

Siku ya kwanza ya juma, 3/6

Bugali na ndagala tena. Riziki alisukuma sahani. Nilimuwekea dongodongo, ile bamia, ya kuchemusha, akasema inateleza sawa makamasi. Mutoto wa miaka saba, mudomo ya muntu muzima. Nilikula yake na yangu. Ni kweli, inateleza.

Leo kubeba muchanga tangu asubui. Mugongo inauma.

Mangaribi mama mukwe alipiga simu kwa jirani, Mama Zuhura. Telefone yangu imekufa, na hata ingekuwa muzima hangenipigia. Mama mukwe hamusemeshake mukwe wake mudomo kwa mudomo. Kwao iko vile. Anapitisha neno kwa mwingine. Basi neno ni hii: anakuja siku ya yenga, kisha misa. Bantu ba kwake Lubarika bamemuambia mutoto amekonda, anakulaka ndagala tu, mboga hapana. Akikuta ni kweli, anaenda naye. Nyumba bila mwanamuke hailelake mutoto mwanamuke. Alisema vile, na Mama Zuhura alirudilia yote, hata hakupunguza.

Riziki hataenda Lubarika. Nimemaliza.

Mama yake alikuwa anachomaka hii dongodongo. Mutoto alikuwa anakula mpaka analamba vidole. Alichoma namna gani, sijui. Minye nilikuwa ku shantiye, tunajenga. Chakula ilikuwa inafika ku sahani, nakula, nalala. Tangu tulimuzika, kiangazi ya mwaka jana, sahani haijilete yenyewe.

Siku ya pili, 4/6

Upuuzi mutupu.

Nilikata dongodongo vipande vipande, nikaosha. Kuosha kisha kukata, ama kukata kisha kuosha, nani alinifundisha? Ikakuwa ute mikono yote. Nilileta kipande ya griyaje, ile wavu ya chuma ya kuchungia muchanga, nikaweka juu ya mbabula. Ute ikashuka ku makala, moto ikazimika. Nikapepea. Moshi mu macho. Ikazimika tena.

Ile kidogo iliiva, Riziki akatia mu kinywa. Nikasikia krrr. Muchanga. Griyaje nilikung'uta tu, sikuosha. Akatema chini.

Mama Zuhura alikuwa mu lupango, kiwanja yake, anaangalia. Akaita:

– Baba Riziki, uko unapika ama uko unajenga?

Mababu zake walikuja na biashara ya ziwa zamani sana, anasema, na kwao hata mwanaume anajua kupika pilau. Basi anipikie ile pilau. Hakupika. Alicheka tu.

Tulilala na bugali na chumvi. Nilikasirika mpaka usingizi ikakataa.

Siku ya ine, 6/6

Jana sikuandika. Sikupika kitu. Tulikula mukate.

Leo Mama Zuhura alinionea huruma ama alichoka moshi yangu. Akasema: osha ikiwa muzima, panguza na kitambaa, anika ku upepo mpaka ikauke, usikate hata kidogo. Kisu njo inatoa ute. Bon. Kwa nini hakusema siku ya pili? Akasema sikumuuliza.

Nilifanya vile. Griyaje sitaki kuiona tena, nikaweka dongodongo juu ya makala vile vile. Zikaanguka mu majivu. Tukakula majivu. Lakini hazikuteleza! Nyeusi inje, laini ndani. Riziki alikula moja, akangoja, akakula ingine.

Kisha supu. Nilichemusha tomate na maji. Ikakuwa maji nyekundu. Riziki akaweka kijiko chini.

– Hii hapana ya mama.

Nikachoka. Nikamuuliza na ukali, mama alikuwa anafanya je basi? Mutoto akanyanyua kidole ku paa. Pale juu, mu mabati, kuna rayo za kinga, vile vyuma vyembamba vya gurudumu ya baiskeli, zimechomekwa, za ile kinga yangu ya zamani. Mama alikuwa anatungaka dongodongo ku rayo, tomate pia, kitunguru pia, sawa brosheti ya nyama. Anageuza na mukono.

Mwaka muzima niko nalala chini ya zile rayo. Moja nilishusha, nikawa nakwangulia sima, ile simenti ya kujengea, ku mwiko ya kazi. Na huyu mutoto anajua yote, ananyamaza. Nikamuuliza juu ya nini hakusema. Akasema alizani sipendi kusikia juu ya mama.

Nilienda kuosha sahani.

Siku ya tano, 7/6

Sima haikufika, patron akaturudisha nyumbani. Ningekasirika, lakini nilitaka siku.

Rayo nilisugua na muchanga na majivu mpaka zikaangaza. Ile ya sima nilitupa. Nikatunga dongodongo, nzima, kavu, nikazipakaa mafuta kidogo na kidole. Rayo nalalisha ku kingo za mbabula, dongodongo haziguse makala. Nageuza. Nageuza. Ni rahisi! Muntu mujinga anaweza. Minye ilinichukua juma.

Tomate nilichoma mpaka ngozi ikapasuka, kitunguru mpaka ikawa nyeusi. Ndagala kavu nilikaanga, nikatoa vichwa, juu vichwa vinaleta uchungu, Riziki aliniambia. Pilipili moja. Yeye akatwanga yote mu kinu, akatia mafuta ya mawese kidogo na chumvi. Supu hii haikuwa maji. Ilikuwa nzito, inashika ku kidole.

Tulikula bugali yote. Riziki akalamba sahani. Nilimuacha alambe.

Nikasikia raha. Nikamuambia Mama Zuhura siku ya yenga mama mukwe atakula hii hii, ataona mwenyewe. Mama Zuhura akaniangalia sawa anaangalia muntu ameanguka mu shimo.

– Weye Baba Riziki! Mama mukwe anakulaka kitu mukwe amepika?

Hakulake. Najua hakulake. Kila muntu wa kwao anajua. Ni haya kubwa, sawa kumuvulia nguo. Nilijua tangu siku nilioa. Juma nzima niko napuliza moto, ile neno haikupita mu kichwa. Nilikuwa nawaza mutoto tu.

Nilipiga mbabula teke. Mbabula ni chuma. Kidole imevimba.

Siku ya posho, 8/6

Nimezungusha hii mambo pande zote.

Dada yangu angepika, lakini iko Kamanyola, hataweza kufika. Mama Zuhura anasema atasema ni yeye amepika. Muzuri. Halafu mama mukwe atasema: basi ni jirani njo analisha mutoto wangu, nyumba haina muntu, lete nguo zake. Nikisema ni minye, hatakula, ataamuka na haya, na ataenda na mutoto pia. Nikipika anaenda naye, nisipopika anaenda naye.

Wazee wa desturi hawakuwaza mwanaume mujane. Ama walimuwaza, wakasema aoe. Sitaki kuoa juu ya dongodongo.

Nimenunua dongodongo changa, zile ndogo. Zimekauka ku kamba ya nguo, ndani ya neti ya mbu. Riziki iko anasinzia karibu yangu. Nguo zake nimeziosha. Sijui nimeziosha juu ya kukaa ama juu ya kwenda.

Siku ya yenga, 9/6

Alifika kisha misa, na pikipiki, na kifurushi ya muchele ya kwao. Amezeeka. Nilikuwa nimemuwekea kiti inje ku baraza. Akaketi, akageuza mugongo upande ya moto, sawa inavyofaa. Minye nilikuwa nyuma ya nyumba. Lakini moshi haina haya, inaenda kwa kila muntu.

Nilichoma. Dongodongo moja ikaanguka mu makala. Riziki alitwanga. Sikumuambia kitu ya kusema.

Alibeba sahani yeye mwenyewe. Nilibaki ku kona ya ukuta, nasikia, naona kwa pembeni.

Mama mukwe, koko yake, akauliza nani amepika.

– Ni sisi. Baba anachoma, minye natwanga.

Mbuzi ya jirani ikalia. Nikasema mu roho, basi, nimekufa. Huyu mutoto anajua kusema ukweli siku mubaya.

Kisha mama mukwe akauliza tena, pole pole:

– Hii supu ni mukono yako?

– Yote, koko.

– Basi supu naweza kula.

Akakata bugali, akachovya mu supu. Akakula. Akachovya tena. Dongodongo hakugusa, aliziacha upande yake ya sahani. Riziki alikula zile zake, akakula za koko pia, moja moja, akiziburuza mu supu, mafuta ku kidevu. Kila moja koko yake alikuwa anaiangalia inaingia. Sijaona muntu anaangalia mutoto akila vile, isipokuwa mama yake.

Ilibakia moja. Riziki akaishika, akaipeleka ku kinywa ya koko.

Mukono ya mutoto si mukono ya mukwe. Akafungua kinywa.

Alitafuna muda murefu. Akapanguza macho, ilikuwa machozi ama pilipili. Kisha akasema na sauti kubwa, uso ku barabara, mugongo kwangu:

– Riziki, ambia baba yako chumvi iko kidogo.

Riziki akageuka ku kona.

– Baba, koko anasema chumvi iko kidogo.

Nikasema amuambie nimesikia.

Kuondoka, alipanda pikipiki peke yake. Kifurushi ya muchele iliachwa ku mulango. Nguo za mutoto zilibaki ku kamba.

Siku ya kwanza, 10/6

Sima imefika. Kubeba tangu asubui. Kidole ya muguu bado inauma.

Rayo nimezisugua, nimezirudisha mu mabati, chini kidogo, Riziki afikie.

Mangaribi tulichoma tena. Niliongeza chumvi. Ni kweli, ilikuwa kidogo.