Mama, Sabuni Yako Haikumnyonyoa Mtu

Mpendwa mama,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini nikiingia kwenye maneno bila kukuamkia utasema Mikumi imenitoa adabu, na leo sitaki tuanze kwa ugomvi. Nina jambo la kukuambia. Nakuambia mbele za watu, maana watu wamelisema sana jambo hili, wamelisema uongo, na mimi nilikuwepo nikawaacha waseme.

Ni la nywele zako, mama. Na sabuni yako.

Chanzuru yote inasema sabuni ya majivu ilimnyonyoa nywele mwenyewe aliyeitengeneza. Maneno yamefika Mabwerebwere, yamefika Masanze, yakapanda lori yakanifuata mpaka huku saluni kwangu. Mwanamke mmoja alikaa kwenye kiti changu akanihadithia habari zako mwanzo mpaka mwisho, hajui kama wewe ni mama yangu. Nikamchana mpaka akamaliza, nikamwambia karibu tena.

Unakumbuka miaka ile ya uhaba? Dukani rafu tupu, muuzaji anasinzia juu ya kaunta. Ikisikika kuna sabuni ya mche imeletwa, watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na foleni haijafika katikati, sabuni imekwisha. Wenzetu walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Sisi watoto wako tulikwenda shule vichwa vinanukia mwarobaini, na mwalimu aliyekuwa anakagua usafi akituona anapita tu.

Maganda ya ndizi uliyakausha juu ya bati, ukayachoma, majivu yake ukayatia kwenye chungu chenye matundu chini, ukamwagia maji yatone pole pole. Nyonyo ulizitwanga mwenyewe na kuzichemsha mpaka mafuta yakaelea. Kipimo chako kilikuwa ulimi. Unachovya kidole kwenye maji ya majivu, unagusa ncha ya ulimi, unakunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. "Bado kali," unasema, unaongeza maji. Ukisharidhika unachanganya, unakoroga mpaka mkono uume, unatia majani ya mwarobaini yaliyopondwa, mwisho unatupia chumvi ipate kuganda. Kisha inaingia kwenye vifuu vya nazi, inapanda uchagani wiki tatu, na ole wake atakayeigusa.

"Zena, njoo uone inavyoshika."

"Nina kazi ya shule, mama."

Sikuwa na kazi ya shule. Nilikuwa naona haya tu mikono yangu isije ikanuka majivu. Uongo nimeuanza zamani.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya vichwa. Unanibana katikati ya magoti yako, unalowanisha nywele, unapitisha kile kipande cha sabuni moja kwa moja kichwani, povu linatoka jembamba, jeupe. Nikilia limeingia machoni unanipuliza. Kikibaki kipande kama ukucha, unakibandika juu ya kipya, vinashikana. "Yangu ikiisha, imeisha," ulikuwa unasema. "Haiachi kopo la kuokota." Uliifunga kwenye majani makavu ya mgomba, na majani yenyewe ukawashia moto.

Ikaja ruksa ya kuleta bidhaa za nje. Jamani, ilikuja kwa kishindo! Mwaka huu duka halina kiberiti, mwaka unaofuata lina shampuu za rangi nne, kijani, njano, pinki, na nyingine ya buluu ambayo sijui ilikuwa ya nini. Mitumba ikamwagwa chini sokoni Kilosa, na ritachi, ile dawa ya kunyoosha nywele, ikaingia mitaani, kila msichana anataka nywele zilale. Wanawake waliokuwa wanabisha hodi kwako kuomba kipande wakaacha kubisha. Hukulalamika. Ulisema watu wamechoka na dhiki, waache waoge kwa chupa.

Mume wangu alipopunguzwa kazi ndipo nikasema na mimi nitafute riziki. Nikajifunza Morogoro miezi michache, nikarudi na cheti na mdomo mrefu, nikapanga chumba Mikumi, kando ya barabara kuu. Nikaandika "Saluni ya Kisasa" kwa rangi nyekundu. Nikakualika uje kwenye ufunguzi.

Mama, hapa ndipo penyewe. Naomba nipaseme pole pole.

Ulikuja na kapu la sabuni. Vipande kumi na viwili, kila kimoja kwenye jani lake, zawadi kwa saluni ya mwanao. Nikalichukua kapu kwa mikono miwili, nikasema ahsante mama, nikalisukuma chini ya meza wageni wasilione. Ulikuwa umeliona hilo. Ukageuza uso ukaanza kusifia pazia.

Wanawake walijaa mlangoni. Wanatazama vioo, wanashika makopo, wanacheka, lakini kukaa kitini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Habari za ritachi walizisikia, kwamba inachoma. Dakika zinakwenda, soda zinakwisha, mimi jasho linanitoka. Ndipo ukasimama ukafungua ushungi.

"Nianze mimi," ukasema. "Kama ni ya kuua, nimeshazaa."

Wakacheka wote. Nywele zako zikashuka mpaka mabegani, nyingi, mvi kidogo mbele. Nikazishika. Zilikuwa safi, na zilinukia mwarobaini. Ulikuwa umeosha kichwa asubuhi ile ile, umekisugua barabara, kwa sababu ulikuwa unakwenda kwenye shughuli ya mwanao na ulitaka uwe nadhifu.

Kila msusi anajua: kichwa kilichooshwa na kusuguliwa siku hiyo hakitiwi ritachi. Ngozi inakuwa wazi. Nilifundishwa siku ya kwanza kabisa. Nilitakiwa niseme, "Mama, leo haiwezekani, rudi wiki ijayo." Nikawatazama wale wanawake mlangoni. Nikavaa glavu.

Sikukosea kwa kutojua, mama. Nataka hili lisomeke vizuri. Nilijua.

Nikakupaka kichwa kizima, kisha mmoja wao akaniuliza kitu, nikamjibu, akauliza kingine, mdomo wangu huo, unaujua. Nilipogeuka ulikuwa umeshika mikono ya kiti, machozi yanakutoka, midomo inasema Kisagara chini chini. Nikadhani unaomba dua ya biashara.

"Mama, vipi?"

"Harufu tu," ukasema. "Kali kama majivu yangu."

Nikakuosha kwa shampuu ya pinki, nikakuchana. Nywele zililala, zinang'aa, vigelegele vikapigwa, na siku ile ile watatu wakakaa kitini. Ukafunga ushungi wako ukapanda gari kurudi Chanzuru. Tangu hapo sikuuona tena utosi wako. Nikija Chanzuru uko na ushungi, jikoni ushungi, unalala na ushungi. Nikikutania unasema ni utu uzima.

Hukumaliza mwaka. Homa ilikuchukua siku nne tu.

Tulikuosha wanne: Mama Mkubwa dada yako, majirani wawili na mimi. Mama Mkubwa ndiye aliyefungua ushungi. Mama, kulikuwa na makovu. Kulikuwa na vishungi vitatu vinne vya nywele nyuma ya masikio, na kwingine kote ngozi tupu, inateleza. Mwanamke akioshwa, nywele husukwa mikia mitatu. Mimi ndiye msusi wa familia, kazi hiyo ilikuwa yangu, nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni. Hakukuwa na cha kusuka.

Jirani mmoja akasema, "Maskini, kumbe ile sabuni yake ya majivu." Mama Mkubwa akanitazama. Nikainama nikaendelea kumimina maji.

Muosha huoshwa, na anachokiona kwenye maiti hakisemi. Yule jirani alikisema. Haikupita arobaini, watu walikuwa wameshavitupa vipande vyako shimoni, wanaambizana bora za chupa. Na saluni yangu ikajaa, mama. Naona aibu kuliandika hili lakini ndilo lililotokea. Wanawake walikuja kwangu wakikimbia sabuni yako.

Mikono yangu ndiyo iliyokataa kwanza. Nikifungua kopo la ritachi harufu inanipanda kichwani, nalifunika tena, wateja wanaona. Nyuma ya saluni chupa tupu zimekuwa kichuguu; nikizichoma moshi mweusi unanifukuza, nikiziacha mvua inazipeleka mtoni. Siku moja nikapiga magoti kutafuta kitana chini ya meza, mkono ukagusa kapu. Vipande vyako kumi na viwili vilikuwa hapo hapo. Panya hawajavigusa, vimekauka vikawa vigumu kama jiwe. Nikaosha kichwa changu kwa kimoja. Povu lile lile. Nikakaa sakafuni nikalia, mlango nimeufunga kwa ndani, na mteja anagonga.

Nikaenda Chanzuru kwa Mama Mkubwa anifundishe. Alikuwa anajua kidogo, mengine tukakisia. Ya kwanza ikawa uji. Ya pili ikawa kali, ikanitoa ngozi ya kidole, nikasema stahili yangu. Ya nne ikaganda. Naonja kwa ulimi kama wewe, nakunja uso kama wewe, Mama Mkubwa anacheka mpaka anafuta machozi. Huku Mikumi nikaacha ritachi nikaanza kuoshea hiyo. Walionicheka wakaondoka, wachache wakabaki, na nywele zao zinajaa.

Nikataka kuirudisha nyumbani. Nikajaza beseni nikaenda nalo msibani kwa jirani yetu, siku ya kuanua tanga, nikasema nitawagawia kina mama. Wa kwanza akapokea, akanusa, akanirudishia.

"Si hii iliyomnyonyoa mama yako?"

Wote wakanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu, mama. Neno moja tu. Nikafunika beseni kwa khanga nikaondoka.

Mama Mkubwa alinifuata mpaka njiani, na magoti yake yale mabovu. Tukakaa kwenye gogo. Nikamwambia kila kitu, kichwa kilichooshwa, glavu, wale wanawake mlangoni. Nilidhani atanipiga.

"Najua," akasema. "Alishuka kwenye gari akaja kwangu moja kwa moja. Nilimpaka mafuta ya nyonyo mwezi mzima. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye mkono wangu. Akaniapisha nisikuambie."

"Kwa nini, Mama Mkubwa?"

"Alisema ukijua utafunga, na mumeo hana kazi. Kila siku ananiambia, 'Dada, wale watoto watakula nini?'"

Nikamwuliza tu, "Na wewe ulisikiaje pale tulipokuwa tunamwosha, watu wanasingizia sabuni, na wewe unajua?" Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ile.

"Mimi niliapishwa," akasema. "Wewe nani alikuapisha?"

Basi ndiyo barua hii. Nakala moja nitaibandika mlangoni kwangu, juu ya ile rangi nyekundu. Nyingine anayo Mama Mkubwa. Kwenye hitma yako atampa mwalimu wa madrasa awasomee kina mama. Nimeambiwa aibu ya maiti haisemwi, na wanaosema hivyo wana haki. Lakini aibu hii si yako, mama. Ni yangu, nilikuvika wewe ukazikwa nayo. Enyi wanawake wa Chanzuru, mama yangu alijioshea sabuni ile maisha yake yote, akawaosha na watoto wenu wakati duka halina kitu, na nywele zake mlizijua. Zilinyonyoka kwa dawa niliyompaka mimi kwa mkono wangu, huku najua. Atakayekuja kunisema aje, sitamjibu. Atakayetaka sabuni nayo ipo, kwenye jani la mgomba.

Lala salama, mama. Neno "nisamehe" siliandiki, maana ulishanisamehe ungali umekaa pale kitini kichwa kinakuungua, na hilo ndilo linaloniua. Nimekukasirikia, ujue. Uliona nakwepa macho yako, uliona naficha kapu, bado ukanyamaza kwa ajili yangu. Ungepiga kelele, mama. Moja tu, mbele yao wote, ungeniaibisha. Maji yalikuwa kwenye ndoo, hatua mbili kutoka kwenye kile kiti. Ningeyakimbilia.

Mimi, kifungua mimba wako,
Zena