Mtoto wa Nyumbani Atatuelewa

Jumatatu, 6 Julai. Asubuhi baridi. Ukungu ulishuka kutoka Uluguru hadi kwenye mabati ya Kilakala, manyunyu kidogo, jua likatoka saa nne.

Mpendwa kaka Seifu,

Shikamoo. Uliniuliza kwa simu kama urudi Morogoro kuichezea tena klabu yetu, maana mwenyekiti amekupigia. Nilikuomba usubiri mkutano wa wanachama. Umefanyika jana, na jibu langu naliandika wazi. Wanachama wenzangu wakitaka kulisoma, walisome.

Unamkumbuka Bi Mwanaidi, mpishi wa kambi, na lile sinia moja la ugali kwa watu sita? Golikipa aliyetoka Mkuyuni aliomba sahani siku ya kwanza. Akajibiwa, "Sahani ni za wagonjwa, mwanangu. Nawa, kaa." Wewe ukamsogezea kichwa cha samaki, akacheka, na jioni ile mlicheza kama watu waliokua pamoja.

Halafu akaja yule mshambuliaji wa pesa nyingi. Tulimpokea kwa matarumbeta, na vigelegele nilipiga hata mimi. Mwenyekiti akaagiza apikiwe kuku wake peke yake, na apewe sahani.

"Huyu ni mali ya klabu," alisema.

"Kwani sisi ni mali ya nani, mwenyekiti?" ukamuuliza, na wenzako wakacheka hadi wakapaliwa.

Kicheko hicho kilihamia uwanjani. Mkamwita Bwana Sahani, na pasi mlizompa zikapungua. Mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Siku moja alibeba kuku wake akaja kuketi kwenye sinia lenu, na mechi iliyofuata alifunga. Baadaye goti likaharibika. Mkataba ulikuwa mkataba. Akalipwa akitembelea magongo, ninyi mkaambiwa msubiri mishahara yenu. Ulisubiri msimu mzima, ukachoka, ukaenda Gairo kununua karanga kwa wakulima.

Basi jana mwenyekiti ametangaza mshambuliaji mwingine, ghali kuliko yule. Nikasimama.

"Na huyu akiumia, mishahara ya wengine itatoka wapi?"

"Dada, usituletee uchuro," mtu akasema nyuma yangu.

"Nauliza tu. Mwaka jana hatukuuliza."

Mwenyekiti akanitazama kwa upole, ule upole wake wa kumnyamazisha mtu. "Bi Zuhura, bila jina kubwa uwanja haujai. Kuhusu mishahara msiwe na hofu. Kaka yako anarudi, na yeye ni mtoto wa nyumbani. Hata ikichelewa, atatuelewa."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Hasira haijanitoka mpaka sasa. Neno hilo, mtoto wa nyumbani, nililipenda, kaka. Walipokuita hivyo mara ya kwanza, marehemu baba alilirudia kwa kila jirani, na mimi nililiandika kwenye shajara yangu kwa wino mwekundu. Sikujua kuwa ndilo watakalolitumia kuchagua nani akae bila kulipwa. Mgeni anaandikiwa mkataba, wewe unaombwa uelewe. Wanacheza kamari kwa goti la mtu mmoja, na wanaoliwa ni ninyi mliobaki. Halafu likiharibika wanashangaa, kama vile magoti hayajawahi kuumia duniani.

Mama anataka urudi. Kila akisikia pikipiki inapunguza mwendo hapa nje, ananyanyua shingo. Nami nimechoka kuwa peke yangu na mambo ya nyumba hii, sitakuficha. Ungekuja kwa jambo jingine lolote ningekufuata stendi.

Lakini kwa hili, usirudi. Mwenyekiti akikupigia tena, mwambie akuandikie mkataba wenye tarehe ya kulipwa, uone kama atapiga mara ya tatu. Njoo wakati wa Maulidi, kaa na mama, kula, lala. Viatu vya mpira viache hukohuko Gairo.

Mdogo wako anayekutaka nyumbani,
Zuhura

Nimeinakili barua hii humu shajarani. Nalala sasa, saa saba kasoro robo usiku.