Fomu Uliyosema ni ya Salfa

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu huwezi tena kunikatiza.

Siku ile ulipomwita Mama aache kupepeta ufuta aje aweke dole gumba kwenye karatasi, ukamwambia, "Weka hapa, ni fomu ya salfa, dawa ya mikorosho," mimi nilijua si ya salfa. Niliijaza kwa mkono wangu. Nilikuwa kidato cha kwanza, na ulikuwa umenisifia mbele ya wageni: "Mwandiko wa huyu binti ni wa hakimu." Kwa sifa hiyo moja ningekuandikia chochote. Niliona ni fomu ya mkopo, na jina la Mama nililiandika mahali pa mdhamini. Neno lile sikulijua vizuri, kwa hiyo jioni nilifungua kamusi uliyoninunulia Ruangwa. Mdhamini ni yule atakayelipa mkopaji akishindwa. Mama alikuwa anasonga ugali, wino bado uko kidoleni.

Nikafunga kamusi. Nikanyamaza miaka miwili.

Sasa nikupe habari, maana uliondoka bila kungoja matokeo. Duka lako la Ruangwa ni la mtu mwingine. Amepaka rangi juu ya jina lako lakini hakupaka vizuri, herufi mbili za mwisho bado zinaonekana. Pikipiki wadai wako waliichukua ukiwa hai, ukatuambia umeiazimisha. Bati za nyumba mpya ukasema umezirudisha kwa sababu ni nyembamba. Ulifilisika kipande kipande mbele ya macho yetu, na kila kipande ukakipa jina lingine. Kisha presha ikakuangusha, na majibu tukaachiwa sisi.

Kwenye hitma ustadhi alitusihi tukutaje kwa mema tu. Niliinamisha kichwa kama wengine. Mimi ni mtu wa kuinamisha kichwa, unanijua.

Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi. Akiwa bado ndani, mikorosho ikaanza kuangusha korosho. Baba mdogo akaja kutoka Likunja, akasimama mlangoni na ile sauti yake ya huruma. "Shemeji, usihangaike. Hela ya korosho siku hizi inapita benki, na wewe huna akaunti. Tupitishe kwa jina langu, tutaelewana."

Unaijua "tutaelewana" ya mdogo wako. Mwaka juzi mlielewana naye kuhusu mbuzi wa Mama, na mbuzi hatujamwona mpaka leo.

Mama alimjibu akiwa ndani: "Eda ikiisha ntakwenda benki mwenyewe."

Alikwenda. Niliomba ruhusa shuleni, tukapanda bodaboda kutoka Ruponda hadi Nachingwea. Alivaa kanga mpya. Kiswahili chake ni cha sokoni, mambo yake mengi anayasema kwa Kimwera, kwa hiyo njia nzima alikuwa anajizoeza: "Naomba kufungua akaunti. Naomba kufungua akaunti."

Ofisa alikuwa kijana. Alibonyeza kompyuta yake, akabonyeza tena.

"Mama yangu, akaunti nakufungulia hata sasa hivi. Ila hela ikiingia tu, mfumo unaikata. Unasoma deni."

"Deni gani? Mie sijakopa hata chumvi."

"Mfumo unaonyesha ulimdhamini marehemu."

"Huyo mfumo aliniona wapi?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Kijana naye akacheka. Nilimchukia. Nilikuchukia wewe zaidi.

Akaleta faili, na fomu ikawa pale juu ya meza, mwandiko wangu umelala safi kwenye mistari. "Hii aliijaza nani?" akauliza. Mama akasema, "Marehemu." Hakuwa anadanganya, ndivyo alivyoamini. Kijana akasema kama mama alidanganywa, alete maelezo ya maandishi, na mtu aliyekuwepo. "Aliyekuwepo amekufa," Mama akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nikanyamaza tena.

Tuliporudi hakulia. Alivua kanga mpya, akaikunja, akasema, "Basi zipite kwa shemeji." Msimu mzima, Baba. Mapalilio yake, salfa yake, mgongo wake. Zipite kwa mtu ambaye hatarudisha hata nusu.

Nataka kujua ulikuwa unawaza nini ulipomshika mkono siku ile. Nakumbuka ulimfuta wino kwa upindo wa kanga yake, taratibu, wino wote haukutoka. Ulimfanyia upole. Hilo ndilo linanitia hasira kuliko deni lenyewe. Na linakuja lingine nisilolitaka: wakati wa likizo, mimi nimekaa juu ya kaunta ya duka, wewe unapima sukari na kuniambia, "Nipe neno gumu." Nilikuwa nakupa, ukawa unalitumia kwa wateja siku nzima, mara nyingi vibaya. Tulicheka sana. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Siwezi hata kukuchukia kwa raha.

Niliiacha barua hapa kwa siku nne. Sasa naimalizia.

Nilimwambia Mama tukiwa tunachambua korosho mkekani. Nilisema yote bila kumtazama. Mikono yake haikusimama, nzuri huku, mbovu kule. Akasema, "Ulikuwa mtoto." Nikashusha pumzi. Kisha akasema, "Lakini kusoma ulikuwa unajua."

Hakuniongelesha tena mpaka kesho yake asubuhi. "Vaa. Twende."

Niliandika kurasa mbili palepale benki, kwamba fomu niliijaza mimi, kwamba mama yangu aliambiwa ni ya salfa, kwamba nilijua na sikusema. Yule kijana alisoma na safari hii hakucheka. Akaniuliza kama naelewa ninachosaini. Nikasema naelewa. Akaunti ya Mama imefunguliwa. Makato yamesimamishwa mpaka wakubwa wake wachunguze, na hakuahidi kitu. Inawezekana hela ikaingia na ikaenda yote.

Sijakusamehe, Baba. Sitakuja kaburini kukusomea Yasini mpaka jibu litoke. Likiwa zuri, nitakuja. Likiwa baya, nitamaliza shule na kulilipa deni lile mimi, maana mwandiko ni wangu, na nitakuja nikimaliza. Kwa njia yoyote nitakuja. Hiyo ni ahadi, na mimi ahadi zangu naziandika jinsi zilivyo. Kwaheri.

Nilikuwa nimeshaaga, lakini naongeza hili: leo asubuhi Baba mdogo alikuja na bajaji ya mizigo. Mama alikuwa ameenda kisimani. Baba mdogo akatoa gunia la kwanza la korosho hadi uani, mimi nikaenda kukaa juu ya yaliyobaki.

"Toka hapo, we mtoto."

Sikutoka. Alizunguka, akatukana kidogo, akasema huyu kusoma sana kumemharibu, akaondoka kwa miguu. Dereva alibaki kwa sababu alikuwa hajalipwa. Mama aliporudi tukamkodi yeye yule yule, tukapakia magunia yote na kwenda ghala la chama cha msingi cha wakulima. Yakapimwa. Karani akashika kalamu, akanitazama mimi kwa kuwa nilikuwa nimevaa sare ya shule, akauliza korosho ziandikwe kwa jina la nani. Nikarudi nyuma hatua moja. Mama akataja jina lake.