Mahema Juu ya Maporomoko

Laini ya Nne,
Shamba la Chai la Ravensmoor,
Haputale.

14 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Arulanandan,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye ukungu. Je, u mzima huko Doha? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo, ila magoti ya baba yanamsumbua tangu mvua zianze.

Unajua baba alipostaafu kupogoa chai alipewa kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kupanda milima, kutazama ndege na kuoga kwenye maporomoko. Aliipenda sana. Sasa hana kazi hiyo, na sitaki upate habari hizi kwa watu wengine.

Mwezi wa kwanza meneja mpya, Bwana Wickramaratne, alitafuta mahali pa kupiga mahema. Akachagua pale tambarare juu ya maporomoko. Unapajua. Ndipo alipolala mama, na babu, na wafu wote wa nyumba hizi za laini wanamoishi wachuma chai, bila hata jiwe moja lenye jina. Baba akaambiwa awasimamie wafyekaji.

"Pale pana watu, bwana," baba akamwambia.

"Mzee, wafu hawanywi chai!"

"Lakini ndio walioipanda."

Meneja akacheka, na kufyeka kukaendelea bila baba.

Siku wageni wa kwanza walipofika, baba ndiye aliyewapandisha. Walipofika juu akavua viatu, akaanza kutembea kaburi hadi kaburi akitaja majina: Kaliamma, aliyefariki akijifungua, Periyasamy, aliyeangukiwa na mti. Mimi nilikuwa nachuma chini kidogo. Nilipoisikia sauti yake nikatua kikapu, nikapanda mbio. Niliwakuta wageni wamesimama, viatu mkononi. Hakuna aliyekubali kulala pale. Mahema yakahamishiwa uwanja wa zamani wa mpira, na siku hiyo hiyo baba akafukuzwa.

Wiki iliyopita meneja akaniita, akanipa mimi kazi ileile, maana njia zote nazijua na Kiingereza cha kuombea maji ninacho. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Nilidhani baba atanikataza.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Njia ya maporomoko bado inapita pale. Wakipitishwa na asiyepajua, watamkanyaga mama yako."

Siku tatu nzima alinifundisha majina yale, arobaini na moja. Nikikosea ananirudisha mwanzo, wala hakasiriki; la mama tu, la mwisho, alilitaja yeye mwenyewe.

Jana nilipanda na wageni wanane. Nilitaja wote sawasawa hadi nikafika kaburi la mwisho, chini ya mkaratusi. Hapo nikapiga magoti, nikaanza kung'oa nyasi. Mama mmoja mtu mzima kutoka Colombo akanishika bega. "Na huyu ni nani, binti yangu?"

"Ni mama," nikasema. "Anaitwa Sivanamma."

Ndugu yangu, tangu tumzike sikuwahi kulitamka jina hilo. Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Ukipata likizo, njoo mapema. Baba bado anaweza kupanda hadi nusu ya njia, na anataka wewe nawe uyajue majina.

Shangazi Veeramma na binti yake Yogeswari wanakusalimu sana. Baba anakubariki, anasema uvae nguo nzito hata kama huko ni joto. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Dada yako akupendaye siku zote,
Parameswari