Kifuniko cha Godoro la Zaina

Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Kwanza nayaulizia magoti yako, kisha nyumba, kisha Zaina, ambaye nilimzaa mimi lakini barua yako yote inamwita "mutoto wangu". Mimi mzima, isipokuwa kikohozi nitakachokueleza. Barua niliipokea kwa mkono wa Mama Asha, yule anayefanya biashara kati ya Kigoma na huko kwetu, ng'ambo ya ziwa. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Umesema Zaina halali tena chali. Anaketi kitandani, mikono magotini, kifua kinapiga filimbi hadi asubuhi. "Njo baridi ya ile mvua tulikimbia nayo," umesema, kwamba ndiyo sababu. Huenda. Lakini lipo jambo jingine, na limetoka mikononi mwangu, kwa hiyo nivumilie hadi mwisho kabla ya kunigombeza.

Unajua kiwandani tunashona vifuniko vya plastiki vya magodoro, kama kile nilichokutumia. Plastiki hiyo kwa asili yake ni ngumu, inalainishwa kwa dawa fulani ya mafuta. Dawa hiyo haitulii humo. Inatoka kidogo kidogo, hasa kwenye joto. Nilipoanza kukohoa nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati ya mtaani, dada asiyependa maneno mengi. Alinieleza kuwa mwilini mna homoni, yaani wajumbe wanaobeba amri: kua, lala, pigana na ugonjwa. Dawa ile inajifanya mjumbe. Basi kinga, ambayo ni askari wa mwili, inaweza kupokea amri za mgeni, ikaanza kupiga vumbi kana kwamba ni adui, na njia za pumzi zikavimba. Wewe unaishi Kalemie miaka hii ya vita, sina haja ya kukueleza mara mbili habari za askari wanaopokea amri za mgeni.

Nikamwuliza, "Dada, njo ile inagonjesha mutoto wangu?"

Akasema, "Sijasema hivyo. Wataalamu bado wanachunguza, na pumu ina sababu nyingi. Ila mtoto mwenye pumu asilalie plastiki hiyo, tena kwenye chumba kilichofungwa."

Na dirisha lenu umelipigilia mbao kwa kuogopa risasi. Sikuambii ulifungue. Nakuambia utoe kifuniko.

Najua ninachokuomba. Mlipokimbia kuelekea Kabimba uliacha sufuria, ukaacha hata cherehani ya marehemu Baba, ukabeba kifuniko kwa sababu nilikishona mimi, na mlijifunika nacho mvua siku mbili. Tangu mrudi umemtandikia Zaina, ili, kwa maneno yako, "alale juu ya mikono ya mama yake." Hapo nililia, Mama, mbele ya wenzangu wote wa zamu. Nilikishona kwa majivuno, kila mshono nikamwonyesha msimamizi. Sikujua.

Basi kitoe. Usikichome, moshi wake ni mbaya zaidi, wala usimpe jirani amtandikie mtoto wake. Wala usianike muhogo juu yake, maana ninakujua. Funikia kuni huko nje. Zaina alalie mkeka wako na shuka ya pamba iliyoanikwa juani. Mama Asha anakuletea dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni, lakini mwonyeshe kwanza daktari wa hapo. Mimi nimeomba kuhamia kwenye kufunga mizigo, karibu na mlango, na wamekubali.

Nisalimie kaka, fundi wetu wa mitumbwi, na shangazi wa kule Bendera akifika salama. Msalimie pia mwalimu jirani anayekusomea barua hii, naye asiruke mahali nilipokutania.

Habari za vita usiniandikie, nazisikia redioni. Mwombe mwalimu aandike mstari mmoja tu, nami nitaufahamu: Zaina amelala chali.

Ni mimi binti yako,
Mwamini