Chumvi ya Daktari wa Koti

Jumanne.

Eti daktari. Tangu waruhusu kila mtu afungue duka la dawa, yule mwenye duka wa pale kijiji cha Mkiwa kashona koti jeupe. Alinipima presha juu ya sweta, akasema imeshuka, ninywe maji ya chumvi. Nimekunywa wiki nzima.

Leo mjukuu wangu Neema, anayesomea uuguzi, amenipima. Akapima tena.

“Babu, iko juu sana. Nani alikwambia unywe chumvi?”

“Mume haulizwi, mke wangu,” nikamtania.

Hakucheka. Nitamwambiaje kwamba ni yule wa koti, na mimi ndiye niliyesema shule yake inafundisha kumwaga mikojo ya wagonjwa tu?

Kisogo kinagonga. Kesho namwambia, nikiamka. Wajinga tuko wawili, na mimi hata koti sina.